Kidole cha Tokuzo

Katika masika ya mwaka 1944, divisheni moja ya askari wa miguu wa Japani ilikuwa ikirudi kutoka milima ya mpaka wa Burma na India, ikiwa imeshindwa. Makamanda walikuwa wameivusha Mto Chindwin na mchele wa wiki tatu, wakijiaminisha kwamba mji wa adui ungeanguka kabla mchele haujaisha. Mji haukuanguka. Mchele uliisha, ng'ombe wa mizigo wakaliwa, mvua zikaanza, na majenerali wakaendelea kutuma amri kutoka mahali palipoezekwa vizuri. Nasema haya kwa hasira, kwa kuwa waliokufa njia ile walikuwa wakulima wa mpunga, watu wa jembe kama wakulima wa popote.

Miongoni mwao walikuwamo Koplo Genkichi na rafiki yake Tokuzo, watoto wa kijiji kimoja, waliokulia nyumba mbili zinazotazamana. Tokuzo alikuwa mtoto pekee wa mjane, Mama Fuyu. Desturi ya jeshi lile ilikuwa kwamba askari akifa, mwenzake humkata kidole, hukichoma motoni, na mfupa wake hupelekwa nyumbani ukazikwe kwenye kaburi la wazee wake. Wawili hawa waliahidiana hivyo siku walipopanda meli.

Siku tatu kabla ya kuufikia mto, Tokuzo alishindwa kusimama. Kuhara kulikuwa kumemmaliza. Sajini alipita akampa bomu la mkono, kama alivyowapa wote wasioweza kutembea. Kila mtu alijua la kufanya, maana kutekwa kulikuwa aibu iliyomfuata mtu hadi kwa jamaa zake.

"Nikate sasa," Tokuzo alisema.

"Bado u hai, ndugu yangu."

"Moto ule pale unawaka, na mbele hakuna kuni kavu. Bomu likishalipuka utaokota nini? Nikate, mama apate kitu cha kuzika."

Genkichi alimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwa singe ya bunduki yake. Alilia huku akikata, Tokuzo hakulia. Genkichi alikichoma kidole, akafunga kifupa kwenye kitambaa, akamwinamia rafiki yake na kuondoka. Alipokuwa akiteremka bondeni alisikia mlipuko nyuma yake. Siku ile milipuko ilikuwa mingi.

Mapema mwaka 1946 Genkichi alirudi kijijini, akamkabidhi Mama Fuyu kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe. Mfupa ulizikwa, jina likachongwa kwenye jiwe la kaburi. Tangu hapo mama hakwenda tena shambani. Majirani walimpikia, naye akawashukuru kwa adabu, lakini alionja tu. Kabla ya mwaka kwisha alizikwa palepale penye mfupa.

Majira ya machipuko yaliyofuata, asubuhi, Genkichi alikuwa akitengeneza tuta la jaruba lake la mpunga mtu alipomwita kwa jina la utotoni. Alikuwa Tokuzo, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni. Walikaa juu ya tuta.

"Nilisikia mlipuko," Genkichi alisema.

"Ulikuwa wa mgonjwa mwingine. Mimi mikono haikuwa na nguvu. Kesho yake walinikuta askari weusi, watu wa Afrika Mashariki. Mmoja alinitoa bomu mkononi taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Alikuwa akisema pole, pole, nami sikujua maana yake. Wakanibeba kwa machela."

"Ulirudi lini?"

"Kiangazi cha mwaka jana. Nimekuwa nikibeba makaa bandarini. Nilijiambia mama ana mwana aliyekufa kwa heshima, nimpelekee mateka ya nini? Sasa nimeshindwa kuvumilia. Yuko nyumbani?"

Genkichi alitazama matope. "Tulimzika mwezi wa kumi na moja."

Tokuzo aliuliza, "Angenipokea?"

Genkichi alijua kwamba uongo ungemtuliza. Angesema mama asingeistahimili aibu ile, na Tokuzo angeweza kuishi bila kujilaumu. Lakini alikwisha kumdanganya mama kwamba mwanawe alikufa papo hapo kwa risasi, na hakuweza kumdanganya na mwana.

"Siku nilipompa kisanduku aliniuliza kama haikuwezekana kwamba umetekwa. Nikamwambia watu wetu hawatekwi. Akasema, 'Basi mngemwacha tu njiani, huenda wangemwokota.'"

Tokuzo aliweka uso magotini akalia kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakilima majaruba ya jirani.

Vitabu vya divisheni ile vinamweka miongoni mwa waliokufa njiani, naye hakutaka kamwe visahihishwe. Aliyetaka kusahihisha ni Genkichi. Walipofika kaburini siku ileile alikuwa na jembe begani.

"Tufukue," alisema. "Tuutoe mfupa, tufute jina lako."

"Uache," Tokuzo alisema. "Huo ndio uliomwahi mama akiwa hai."