Kunde Moja Kiondoni

Jumamosi asubuhi Ngwatanio huamka kwa kelele za sufuria. Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Mbooni, moto huwa umeshawashwa katika jiko la pamoja, na chai ya watu thelathini na mmoja inachemka. Mbula, msichana wa Gredi ya Sita, alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote: kusimama mbele ya ubao na kuwasomea watu zamu za siku.

"Kuchota maji, Baba Mulei na Mzee Kivuva! Kulisha mbuzi, mama yangu na Tima! Kupika chakula cha mchana, baba yangu!"

"Baba yako tena?" Mulei, kijana wa Baba Mulei, alipaza sauti. "Basi leo tunakula ugali mbichi!"

Watu walicheka. Kisilu, baba yake Mbula, alicheka kuwashinda wote.

Ngwatanio haikuwa kijiji cha kawaida. Miaka mitano iliyopita, familia sita kutoka Mbooni, Wote na Migwani zilinunua kwa pamoja shamba kavu chini ya vilima na kuahidiana kuishi sawa. Hapakuwa na mwenye ekari yake. Mbuzi walikuwa wa wote, mahindi yalikuwa ya wote, na mwenyekiti alibadilishwa kila mwezi. Wanaume walipika, wanawake walijenga. Tangu zamani Wakamba wana mwethya, ile kazi ya kusaidiana ambapo majirani hulimiana mashamba kwa zamu. Watu wa Ngwatanio waliamua kwamba mwethya usiwe wa msimu mmoja, uwe maisha ya kila siku. Kwa mikono yao walijenga ukuta wa mawe kukata mto wa msimu. Mchanga ulijaa nyuma ya ukuta, na sasa hata mwezi wa Septemba walifukua mchanga huo wakapata maji.

Mbula alikubali kugawana kila kitu isipokuwa kimoja. Baba yake alijua nyuki kama wengine wanavyojua watoto wao. Alifundishwa na baba yake, ambaye naye alifundishwa na baba yake. Mizinga ilikuwa ya wote, lakini ujuzi ule Mbula aliuhesabu kuwa urithi wake.

"Nifundishe, Baba," alikuwa akimwambia mara kwa mara.

"Ukifika miaka kumi na mitatu. Nyuki hawapendi mtu mwenye haraka."

Mwaka mmoja uliopita familia ya saba ilikuja kutoka mji wa Kitui. Abdulmalik alikuwa fundi wa kujenga matangi. Alikuja na mkewe Ilham, binti yao Tima na kitinda mimba wao Hemedi. Kwa sheria ya Ngwatanio, wageni huishi na wenyeji mwaka mzima, kisha wenyeji huamua kama watabaki. Mwanzoni Mbula alifurahi kupata rafiki wa rika lake. Furaha hiyo haikudumu. Tima alisukuma chapati zikatoka duara kama mwezi. Tima alijua kukamua mbuzi mkorofi aliyemshinda kila mtu. Siku moja mama yake Mbula alisema, "Tima, mwanangu, njoo unishikie kamba hii." Mwanangu! Mbula alilibeba neno hilo siku tatu kama mwiba wa mguuni.

Jumamosi hiyo alasiri, Mbula alirudi kutoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Alipokaribia mizinga aliona watu wawili waliovaa nguo nyeupe za kujikinga na nyuki. Mmoja alikuwa baba yake. Wa pili alivaa nguo kubwa kuliko mwili wake, mikono imekunjwa mara tatu, naye alishika kopo la moshi.

"Polepole. Hivyo hivyo," Kisilu alisema. "Una mkono mtulivu, Tima."

Mbula alihisi kama mtu amemmwagia maji ya moto kifuani. Alingoja mpaka wakavua zile nguo, Tima akakimbilia jikoni na sahani ya masega.

"Baba, ulisema miaka kumi na mitatu!"

"Leo ilikuwa zamu ya Mulei. Jino limemuuma. Tima ndiye aliyekuwa karibu."

"Tima ana miaka kumi na miwili kama mimi!"

"Mbula, hapa kazi si ya ukoo. Anayekuwepo ndiye anayejifunza." Kisilu alisema hivyo huku macho yake yakiwa kwenye ndoo ya asali. Hakumtazama.

Kesho yake, Jumapili baada ya chakula, wenyeji walikusanyika ili kuamua kuhusu familia ya Abdulmalik. Kila mwenyeji aliyefikisha miaka kumi na miwili alikuwa na sauti, na sauti ya mtoto ilikuwa sawa na ya mzee. Mbula alikuwa ametimiza miaka hiyo mwezi uliopita. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mama Mulei, mwenyekiti wa mwezi huo, aligawa mbegu, kikapu cha kiondo kikiwa mbele yake. "Kila mtu ana punje mbili mkononi, ya mahindi na ya kunde," alisema. "Ukitaka familia hii ikae, tia mahindi kiondoni. Ukikataa, tia kunde. Inayobaki ifiche. Mnajua sheria yetu, hatuwezi kumkaribisha mtu nusu nusu. Kunde moja inatosha kuzuia."

Walipita mmoja mmoja. Mzee Kivuva, mwenye umri mkubwa kuliko wote, mkono wake ulikaa kiondoni muda mrefu, kwa maana vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Kisha ikafika zamu ya Mbula. Aliingiza ngumi ndani. Alimwona Tima akiwa amekaa kwenye jiwe kando, akimsukia mdogo wake kofia ya majani huku akijifanya hatazami. Mbula alikumbuka ile sauti: una mkono mtulivu, Tima. Akafungua vidole viwili.

Mama Mulei alimwaga kiondo kwenye ungo. Punje kumi na tisa za mahindi zilimeta. Katikati yake palikuwa na kunde moja nyeusi.

Mama Mulei aliigeuza kwa kidole, kama aliyetaka kuhakikisha.

"Basi," Mama Mulei alisema kwa sauti nzito, "tutarudia Jumapili ijayo. Kama kunde itakuwepo tena, familia hii itatuacha mwisho wa mwezi. Hatumtafuti aliyeiweka. Lakini kama ana sababu, na aiseme."

Ilham alisimama, akarekebisha buibui lake. "Kama ni dini yetu, mtuambie tu," alisema. "Tutaondoka bila ugomvi."

"Hapana, Mama Tima!" sauti nyingi zilisema pamoja. Lakini nani angemwonyesha sababu nyingine?

Jumatatu, njiani kwenda shuleni, Tima alitembea akipiga vijiwe teke. "Mbula, unadhani ni nani?"

Mbula angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusema ukweli, kwa maana walikuwa wawili tu. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Sijui. Lakini si uliona mkono wa Mzee Kivuva ulivyokaa sana mle ndani?"

Tima alisimama. "Umau?" Hivyo ndivyo watoto wote walivyomwita Mzee Kivuva, yaani babu. "Lakini yeye ndiye aliyemfundisha Hemedi kuhesabu kwa Kikamba."

"Mimi sijasema ni yeye. Nimesema mkono ulikaa."

Neno halina miguu lakini hufika mbali. Jioni hiyo hiyo lilifika jikoni. Jumanne lilifika mtoni. Jumatano watoto hawakwenda kwa Mzee Kivuva kutegewa vitendawili, na wakati wa kula, benchi lake lilibaki na mtu mmoja.

"Kwani leo ninanuka?" mzee aliuliza huku akicheka. Hakuna aliyecheka naye. Alitazama sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akala kidogo, akaifunika.

Mbula alikaa mbali, akisukuma chakula chake pembeni mwa sahani. Alikuwa ametazamia kufurahi. Tima alikuwa ameanza kufunga vitabu vyake kwa kamba, na chapati zake za duara zingeondoka naye. Mbona basi hakuna furaha? Hata Abdulmalik alimtia simanzi. Kila siku fundi huyo alipanda juu ya tangi jipya na kulipiga lipu, tangi ambalo huenda asingekunywa maji yake.

"Pumzika, Baba Tima," Kisilu alimwambia. "Ngoja kwanza tujue mambo yataishaje."

"Tangi halijanikosea," Abdulmalik alijibu, akaendelea kusawazisha saruji.

Jumapili ya pili ilifika. Mama Mulei alikuwa ameshika bakuli la mbegu Mzee Kivuva alipoinuka kwa kuegemea fimbo yake.

"Mwenyekiti, naomba neno kabla hujagawa," alisema. "Wiki nzima nimekula na kivuli changu. Nimesikia yanayosemwa. Mimi ni mtu wa kusema sana, labda nimewahi kutamka neno baya nikasahau. Sitaki watoto wadogo wafukuzwe ninapobaki mimi. Familia hii ikae. Mimi nitarudi Migwani kwa binti yangu, na nyumba yangu wapeni."

"Hapana, Mzee," Abdulmalik alisema mara moja. "Hatuwezi kulala katika nyumba ya mtu tuliyemtoa."

"Nimeshaamua. Nguo zangu ziko ndani ya gunia."

Mbula alitazama mlango wa nyumba ya mzee. Kweli, gunia lilikuwepo pale kizingitini, na lilikuwa nusu tu. Miaka themanini ya mtu, na gunia halikujaa. Alijikuta amesimama.

"Umau, usiende! Kunde ni yangu."

Watu wote waligeuka.

"Mimi ndiye niliyeitia," Mbula alisema, machozi yakimtiririka. "Si kwa sababu ya dini. Mama Tima hajanikosea, hakuna aliyenikosea. Niliona wivu. Baba alimfundisha Tima kushika moshi, na mimi alikuwa ameniambia ningoje. Tena mimi ndiye niliyemsingizia Umau. Mkono wake ulikaa kiondoni, nikautumia kujificha."

Mzee Kivuva alimkodolea macho, kisha akakaa kitini kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe!" alisema. "Na mimi usiku na mchana nimekuwa nikijiuliza kama vidole hivi vibovu viliachia kunde bila mimi kujua. Nilidhani nimewafukuza watu kwa uzee wangu! Ee, mtoto wewe, umenitesa. Lakini umenirudishia vidole vyangu."

Baadhi walicheka kwa machozi. Tima hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya Mbula.

"Ulinifanya nimpite Umau bila kumwamkia," alisema. "Siku sita."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuambia."

"Sawa," Mbula alisema. Lilikuwa jibu la haki.

Baba Mulei aliinua mkono. "Huyu mtoto anyimwe sauti mpaka akue. Angalia alichofanya nayo."

Mama Mulei alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Tukianza kunyang'anyana sauti, kesho nitamnyang'anya nani, na mwezi ujao nani ataninyang'anya mimi? Amekosa, naye amesimama akasema mbele yetu. Mbula, njoo." Akamtilia kiganjani punje mbili, kama za kila mtu.

Walipita tena mmoja mmoja. Safari hii ungo ulipopokea mbegu, zilikuwa punje ishirini za mahindi, na kunde haikuonekana. Akina mama walipiga vigelegele. Abdulmalik alimbeba Hemedi begani, na Ilham alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mulei alikwenda kulichukua lile gunia kizingitini na kulirudisha ndani bila kuambiwa na mtu.

Baadaye Kisilu alimjia binti yake. "Nami nina kosa," alisema. "Nilikupa ahadi, kisha nikaivunja nikiitazama ndoo ya asali. Ningekueleza ukaelewa. Lakini kosa langu halikukupa ruhusa ya kumuumiza Tima wala mzee."

"Najua, Baba."

Mama yake, Ndunge, alikuwa akisikiliza huku akichambua pojo. Alimkalisha Mbula karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Kuona wivu si dhambi mpya. Mimi mwenyewe nimeuona wivu hapa hapa, siku walipomsifu Mama Mulei kwa ukuta ambao nami niliubebea mawe. Sisi tumeahidiana kuishi sawa, lakini ahadi haiondoi moyo wa mtu kifuani. Wivu utakuja tu. Hapa Ngwatanio kila anayeingia hupewa kazi, lakini wivu usiupe kazi hata siku moja. Wewe uliupa mbili. Uliupa mkono wako ukatia kunde, kisha ukaupa ulimi wako ukamsingizia mtu. Mwenye sauti sawa na wengine hana budi kuwa na ukweli sawa na wengine. La sivyo, usawa wetu ni mchezo."

Mbula alichambua pojo chache.

"Na wivu ukirudi kesho, Mwaitu?"

"Utarudi," mama yake alisema. "Ukirudi, uje uniambie mimi kwanza, kabla hujafungua mkono."