Nililichana Daftari la Sajini wa Kithai

Wasomaji wenzangu, nisomeni kwa huruma. Nina miaka arobaini na minne, ni Mrundi, naishi Hjulsta, huku Uswidi, na mume wangu na binti yetu Ineza. Haya ninayowaeleza hata kanisani sijayasema...

Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala huko Märsta. Mwaka jana alianza kuchelewa kila Ijumaa. Simu nayo akawa anailaza kifudifudi mezani. Nikajiuliza, kuna nini?

Siku moja nikakuta daftari kuukuu chini ya makoti yake ya kazi, limejaa maandishi yaliyojikunja, sikuweza kusoma hata herufi moja. Nilipomuuliza, alijibu bila kunitazama kwamba ni historia ya divisheni ya askari wa miguu ya Thailand: ilivyoundwa, mipaka iliyolinda, makamanda wake. Eti ni la Malee, mfanyausafi wa pale kazini. Marehemu mumewe alikuwa sajini katika divisheni hiyo, ndiye aliyeandika, na kila Ijumaa Malee humsomea na kumtafsiria kwa Kiswidi.

Historia ya jeshi! Mtu aliyekimbia buti za askari kwao, ambaye hata filamu ya vita anaizima, leo apende habari za divisheni ya Thailand? Jamani, ninyi mngeamini?

Nikaanza kumchunguza. Akiwa bafuni nilifungua simu yake, nikakuta sauti za mwanamke alizorekodi, tena nyingi! Anasoma kwa sauti laini, na kila baada ya muda anasema "mia"... "mia"... Mia ya nini? Kwetu mia ni hesabu. Nikamwita Ineza atafute maana yake kwa Kithai. Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Fru, mamma. Det betyder fru."

Mke! Kumbe wanaitana mume na mke!

Ijumaa iliyofuata nilipanda treni hadi Märsta. Nikawaona kwenye mkahawa karibu na stesheni. Malee analia, mume wangu amemshika mkono! Sikuingia. Laiti ningeingia... Nilirudi nyumbani. Safari hii daftari alikuwa ameliacha. Nililichana ukurasa baada ya ukurasa, nikalitupa kwenye kontena la karatasi la jengo letu. Nilisimama dirishani mpaka lori likaja, likabeba, likaondoka. Nikajiona nimeshinda!

Jioni mume wangu akaingia, na Malee nyuma yake. Nilimrukia Malee kwa matusi. Mume wangu akasema kwa upole, "Mama Ineza, keti kwanza. Lete lile daftari. Ni habari za kaka yako."

Kaka yangu Salvator alikuwa mkalimani wa wanajeshi wa kigeni waliokuja kulinda amani kwetu. Siku moja hakurudi. Tulimaliza matanga bila kaburi. Kumbe wanajeshi wale walitoka katika divisheni hiyo hiyo! Mume wangu alisikia jina la Salvator kazini, Malee alipokuwa akisimulia ya mumewe. Akanyamaza, asinipe tumaini la bure kabla ya kuhakikisha. Na ile "mia" ni sajini aliyekuwa akimsalimu mkewe mwisho wa kila sura.

Siku ile mkahawani Malee alikuwa amemweleza kwamba sajini ndiye aliyemzika Salvator kwa mikono yake. Kurasa za mwisho, sajini alimwambia mkewe kabla ya kufa, zilikuwa na mchoro wa mahali penyewe. Malee hakuwahi kuzifungua, zilimuuma mno. Walikuwa wamepanga tuzisome pamoja, sisi watatu.

"Liko wapi?" mume wangu aliuliza. Nikaonyesha dirishani. Alishuka mbio. Kontena lilikuwa tupu.

Malee hakunitukana. Alilia kimya, maana hata yeye nilimnyang'anya mwandiko wa mumewe. Nilipiga magoti mbele yake, lakini magoti yangefanya nini?

Wasomaji, nawasihi, ukishuku, uliza! Ingia, simama mbele yao, uaibike kama ni kuaibika. Usiharibu kitu usichoweza hata kukisoma, kama nilivyofanya mimi, mjinga!

Mama yangu yuko Ngozi, kwetu Burundi, amezeeka. Wiki iliyopita alinipigia, akaniuliza tena kama huku ughaibuni nimewahi kusikia lolote kuhusu Salvator.

Nikamwambia hapana, mama, sijasikia.