Chumba cha Mbele Kilikuwa Wazi

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Umewahi kusikia mtu akiambiwa "chumba kimeshachukuliwa," nawe unajua ni kitupu. Ukainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Basi leo utatazama.

Kila Jumamosi Anitha, msichana wa darasa la sita mjini Lushoto, alimsaidia mama yake kazi. Mama yake, Klara, alikuwa dalali wa vyumba. Wenye nyumba walimwachia funguo, naye akawatafutia wapangaji. Anitha alifagia vyumba vilivyohamwa na kufungua madirisha ili hewa ipite.

Huku milimani tunachimba mteremko ndipo tunajenga. Vyumba vya mbele hupata jua. Vya nyuma hutazamana na ukuta wa udongo, na masika yakianza kuta zake hutoka jasho, godoro likaota ukungu. Klara alikuwa na desturi, na madalali wenzake vivyo hivyo. Mteja akija, kwanza alitazamwa: viatu, lafudhi, kama ana mume. Walimu na maofisa walipelekwa mbele. Wajane, walemavu na watu wa mashamba ya chai walipelekwa nyuma, au waliambiwa hakuna kitu.

Jumamosi hiyo alikuja Cecilia, mchuma chai mzaliwa wa Kigoma, aliyeacha shamba baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa na binti yake, Selina, mwanafunzi mgeni aliyekaa dawati moja na Anitha.

"Shikamoo, mama," Selina alimwamkia Klara.

"Marahaba, mwanangu. Mna bahati nyie! Kuna chumba cha nyuma, kimetulia kabisa."

Cecilia aliingia, akapapasa ukuta, akaufuta mkono kwenye kanga. "Dada, huyu mtoto ana pumu. Hicho cha mbele je? Kodi yake nitaiweza."

"Kimeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Mwalimu mmoja anatoka Tanga."

Selina akamgeukia rafiki yake. "Kweli, Anitha?"

Anitha alikuwa amekifagia asubuhi ile ile. Vumbi la chumba hicho lilikuwa bado kwenye sketi yake. Akamtazama mama, mama akamkazia macho.

"Kweli," Anitha akasema.

Jioni alishindwa kula. "Mama, mbona hakuna mwalimu?"

"We mtoto, kazi hii huijui. Mzee Khalfani, mwenye nyumba, hawezi kutaka manamba kwenye baraza lake. Ukimwingiza mmoja, kesho ukoo mzima uko hapo."

Manamba! Hilo ni neno la enzi za wakoloni, watu walipoitwa kazini kwa namba kama magunia. Wakoloni walikwenda zao. Neno tukalibakiza wenyewe, tukalikabidhi funguo za nyumba.

Cecilia na binti yake wakahamia chumba cha nyuma. Mvua ikashuka. Selina akaanza kukohoa darasani.

"Haya, trekta hilo limewaka!" mwenzao Yusuph alipiga kelele, na darasa likacheka. Selina naye alicheka, mpaka pumzi ikamkatikia akashika dawati. Anitha alimsugua mgongo. Neno lilikuwa kooni. Hakulitoa.

Wiki iliyofuata nafasi ya Selina ilikuwa tupu. Walimkimbiza hospitali alfajiri, wakachelewa.

Msibani Anitha alikaa miongoni mwa wanawake. Alipomwona Cecilia amekumbatia sweta la shule la mwanawe, alishindwa kuvumilia.

"Kilikuwa wazi!" akalia. "Chumba cha mbele kilikuwa wazi, nami nilimdanganya!"

Mzee Khalfani, aliyekaa na wanaume mlangoni, akasimama. "Chumba changu? Klara, nani alikuambia siwataki watu wa mashamba?"

Klara aliinamisha kichwa. "Hakuna, mzee. Nilidhani tu. Ndivyo tunavyofanya."

"Nami nimekiona kitupu tangu mvua zianze, sikuuliza," mzee akasema.

Klara alipiga magoti mbele ya Cecilia. "Dada, nisamehe. Hamia mbele, leo hii."

"Jua la kumwanikia nani?" Cecilia aliuliza. "Usinipe mimi. Mpe atakayekuja kesho, hata kama sura yake huipendi."

Walipomaliza matanga, Klara alikwenda na Anitha kwenye kijiwe cha madalali karibu na stendi. Akasema kwamba kuanzia siku hiyo kila anayeomba chumba ataonyeshwa vyote vilivyo wazi, achague mwenyewe.

"Utakufa njaa, Klara!" mmoja akamkebehi.

"Nimeshatoka kuzika," Klara akajibu. "Wewe unataka nizike mara ngapi?" Wenzake wakatazama chini. Wakakubali, mmoja mmoja.

Njiani kurudi alimshika Anitha mkono. "Nilikufundisha uongo, mwanangu, nikauita kazi. Kazi ya dalali ni kumpatia mtu pa kuishi. Kumpima utu wake hatukupewa na yeyote. Ukiona nakosea tena, sema palepale, mbele ya mteja. Usiningoje nikukazie macho."

Anitha aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Jumatatu alikaa dawatini peke yake.

Na wewe? Mtaani kwenu kuna chumba kitupu, na kuna mtu ameambiwa hakipo. Unamjua kwa jina. Funga kitabu hiki. Nenda ukamwambie kiko wazi, umpeleke mpaka mlangoni, usimame naye mpaka wafungue. Nenda sasa hivi.