Jagi Lililojaa Upesi

Jagi lilijaa upesi mno. Hilo ndilo msichana alilolitambua kwanza, akiwa amechuchumaa kwenye kivuli cha gari lililovunjika ekseli.

Tufani la mchanga lilikuwa limewapotezea njia, gari likaparamia mwamba, na madumu yao ya maji yakapasuka. Walikuwa watatu: yeye, shemeji yake aliyekuwa fundi wa mitambo ya maji, na mama mzazi wa fundi. Karibu yao palikuwa na kisima cha maji ya chumvi. Nyuma, ndani ya gari, mlikuwa na mtambo wa jikoni wa kuchujia maji, mali ya mteja.

Fundi aliunga pampu kwenye betri. Maji yakapita kwenye pamba ya kunasa mchanga, kwenye mkaa, kisha yakasukumwa kwa nguvu kwenye utando wenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Hapo hugawanyika: matamu hutokea mrija huu, na chumvi yote hutupwa kwa mrija ule. Mirija yenye rangi za kuitofautisha ilikuwa imekatika, naye akaweka miwili myeupe, akatega jagi chini ya mmoja.

Msichana alikuwa ameosha mitambo ya aina hiyo karakanani kwa shemeji yake miaka miwili. Maji mazuri huja tone kwa tone. Yanayobubujika ni ya kumwaga.

"Shemeji..."

"Sema, injinia wa darasa la nne!"

Mama naye akacheka. Msichana akajibu, "Hamna."

Wakanywa.

"Mbona yana chumvi?" mama akauliza.

"Chumvi iko midomoni mwetu, mama. Kunywa tu."

Kando, mrija wa pili ulidondosha maji mchangani, tone, tone, na mchanga ukameza.

Kesho yake asubuhi mama alitapika mpaka akabaki hana cha kutapika. Alianza kuzungumza na marehemu mumewe. Fundi akapanda kilimani kutafuta kwa macho vumbi la gari linalopita. "Mpe maji, shemeji, usichoke!"

Msichana akakinga ulimi chini ya mrija ule wa pili. Matamu. Akamwaga yaliyokuwa jagini. Akalisogeza jagi chini ya mrija huo, mwendo wa kiganja kimoja tu, basi.

Akamnywesha mama kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko. Alasiri pampu ilikoroma, ikazima. Jagi lilikuwa nusu. Mama alimtambua, akaomba tena.

Jua likielekea kuzama, fundi alishuka mbio akipiga kelele: lori!

Ndani ya lori, mama alilaza kichwa mapajani mwa msichana, akamwambia fundi: "Mwanangu, huyu ndiye aliyeniokoa."

"Nimekoma kumtania," fundi akasema, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, uniwie radhi."

Hakuna aliyemuuliza msichana kitu. Angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Alitazama uso wa mama, midomo iliyopasuka na kuganda damu, naye akatamani sakafu ya lori ifunguke immeze.

"Mama," alisema, "niliona tangu jana. Maji mazuri yalikuwa yanamwagika mchangani. Nilinyamaza nisichekwe."