Namba Tatu Nyuma ya Kadi

Kila asubuhi kabla ya shule, Tabitha alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akamsaidia mama yake kupanga sato kwenye beseni. Mama Tabitha alikuwa na meza ya samaki katika soko la Bunda, na nyumbani kwao kulikuwa Kabasa. Mwezi ule, kazi zote hizo zilifanyika kwa kunyata na kunong'ona, kwa sababu mezani alikuwa ameketi Getruda, mdogo wake Mama Tabitha, akizungumza kwa kompyuta na watu ambao kwao ilikuwa tayari mchana.

Getruda alikuwa mchoraji. Alichora nembo za kampuni, makasha ya sabuni na picha za vitabu vya watoto, akazituma kwa mtandao. Wateja wake hawakujali alikuwa nchi gani, mradi kazi ifike kwa wakati. Basi akaishi miezi mitatu Kampala, miwili Lusaka, minne mbali huko Malesia. Bibi yake Tabitha, aliyekaa Butiama, aliwaeleza majirani kwa kifupi: "Babu zetu walihama na ng'ombe. Huyu wangu anahama na kompyuta."

Siku ya Ijumaa, Getruda alikuwa akifungasha. Angelala Mwanza, na kesho yake apande basi la Kigali. Tabitha, ambaye siku hiyo alitoka shule mapema, alikaa kitandani akimtazama.

"Mamdogo, mbona pesa umezigawa vipande vipande?"

Getruda akacheka. "Kadi hii ya bluu ndiyo wateja wanalipia, na ndiyo nanunulia kila kitu. Hii nyingine ina akiba kidogo, inakaa begi jingine. Na hizi dola chache ziko mfuko wa ndani wa suruali. Mashine ya ugenini ikimeza kadi, nami sina nyingine, nitamlilia nani?"

Akaiacha kadi ya bluu juu ya meza, akaenda kuoga.

Tabitha akaishika. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, na jina la mamdogo wake limeandikwa kwa herufi kubwa. Akamkumbuka Sara, anayesoma naye darasa la sita. Jana tu, mbele ya wasichana wenzao bombani, Sara alisema, "Mamdogo wako hana kazi. Mtu mwenye kazi huwaga anatoka asubuhi. Yeye anashinda ndani na kanga." Wasichana walicheka mpaka wakamwaga maji. Maneno yale yalikuwa bado yanamchoma.

Simu ya mama ilikuwa kwenye chaji. Tabitha akaichukua, akaishikilia kadi karibu na shavu lake, akatabasamu na kupiga picha. Akaiweka pale ambapo watu wote waliomo kwenye simu ya mama wangeiona, na chini yake akaandika: "Kadi ya mamdogo wangu wa kimataifa." Kisha akairudisha kadi mezani kama ilivyokuwa. Kadi ya bluu ikaondoka na mwenyewe kwa basi la mchana.

Jioni pongezi zilimiminika. Mmoja wa waliomwandikia alikuwa mtu ambaye mama alimhifadhi kwa jina la "Mteja wa Sangara". Aliandika: "Kadi nzuri sana! Nyuma ikoje?"

Tabitha alikuwa amepiga picha ya nyuma pia. Kwa sifa alizokuwa nazo siku hiyo, hakujiuliza mara mbili. Akaituma.

Jumamosi asubuhi mama alimtuma kutoka sokoni kwa Chrispin, kaka yake Sara, aliyekuwa wakala wa kutoa na kuweka fedha kwa simu, akavunje noti ya elfu kumi. Tabitha akaona nafasi ndiyo hii. Akafungua simu ya mama, aliyokuja nayo, na kumwonyesha Chrispin picha, ili naye akamwambie dada yake.

Chrispin aliitazama, tabasamu likamtoweka usoni.

"Hii umeiweka watu waione?"

"Ndiyo. Mpaka ya nyuma nilimtumia mteja mmoja."

"Tabitha! Na zile namba tatu za nyuma?"

"Zina nini?"

"Mtu akiwa na namba ndefu za mbele na zile tatu za nyuma, anaweza kununua vitu mtandaoni kwa pesa ya mamdogo wako. Hahitaji kuishika kadi. Hahitaji hata kutoka kitandani!"

Tabitha akaivuta simu kwake. Alijua kuna nini ndani ya kadi ile. Getruda alikuwa amelipwa kazi ya miezi mitatu. Humo mlikuwa na kodi ya chumba cha Kigali na fedha za bati za nyumba ya bibi.

Akaifuta picha. Akampigia yule Mteja wa Sangara, simu haikupatikana. Njiani kurudi sokoni, mawazo mawili yalimvuta huku na huku. Moja lilisema: nyamaza, picha umeshaifuta, nani atajua? La pili halikusema neno. Lilimwonyesha tu bibi yake akitega ndoo chini ya paa linalovuja.

Alipofika mezani kwa mama, machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

"Mama, nimekosa. Nimekosa vibaya."

Akasema yote, hata lile la Sara. Mama Tabitha aliweka kisu chini, akajipangusa magamba mikononi. Hasira ilimpanda, lakini hakuiachia.

"Mambo yako na yangu tutayazungumza nyumbani. Kwanza mamdogo wako apatikane."

Walipiga simu. Haipatikani. Wakapiga tena na tena. Getruda alikuwa njiani, na huenda mtandao ulikuwa umekatika. Mama akampa Tabitha simu. "Sema kwa sauti yako, umtumie. Akipata mtandao tu, aisikie."

Tabitha akaisogeza simu mdomoni. "Mamdogo, ni mimi Tabitha. Nilipiga picha kadi yako ya bluu, mbele na nyuma, na kuna mtu anazo namba zote. Ifunge. Nisamehe. Ifunge kwanza."

Saa nzima ikapita. Wateja walikuja, wakachagua, wakaondoka. Tabitha alipara samaki bila kujua anapara nini, mpaka mama akamwambia, "Huyo umeshampara, mwanangu. Unamchuna."

Ndipo simu ikaita, mama akaiweka spika ili wote wasikie.

"Nimeifunga!" Sauti ya Getruda ilipaa juu ya kelele za basi. "Tumesimama kula, nikapata mtandao, nikaisikia sauti yako. Nimeingia benki kwa simu yangu, nikaifunga palepale."

"Amechukua?" aliuliza Tabitha.

"Amechukua shilingi elfu mbili na mia tano. Wezi wa namna hii huonja kwanza, wakiona inapita wanarudi na ndoo. Dakika tano baada ya mimi kufunga, alijaribu laki tisa. Amekataliwa! Huyo kaonja mchuzi, nyama hajaila."

Mama Tabitha akapiga makofi na kucheka, mwenye meza ya dagaa jirani akacheka naye bila kujua kisa.

"Lakini Mamdogo, sasa utakula nini huko?"

"Si uliniona nikigawa? Ninayo kadi ya pili, nikifika Kigali nitabadilisha dola kidogo dukani kwa wabadilishaji wa fedha, siyo kwa vijana wa mpakani. Ile ya bluu nimeshawaambia benki, watanitolea mpya yenye namba tofauti. Nitabana matumizi mpaka hapo. Bati za bibi zipo palepale."

Mama akaweka mkono begani kwa Tabitha.

"Sikia, Tabitha," alisema. "Mtu akimdharau ndugu yako, huna haja ya kumwonyesha kadi yake. Namba za kadi na namba ya siri hazionyeshwi kwa rafiki, wala kwa mteja, wala kwa anayejiita mtu wa benki. Na kwa wiki nzima, kila jioni utakuwa hapa mezani. Simu hutaigusa."

"Sawa, mama."

"Mama Tabitha, niachie na mimi nimalizie," Getruda akasema, huku dereva akisikika akipiga honi kuwaita abiria. "Tabitha, ulifanya kosa kwa kutafuta sifa, na hilo usilirudie. Lakini ungenyamaza mpaka jioni kwa kuogopa aibu, ningefika nchi ya watu na kadi tupu. Kadi nyingine benki watanitengenezea. Mtu wa kuniambia ukweli upesi, huyo hawamtengenezi."