Simu Iliyofungwa Kufuli

Kisa hiki alinisimulia Mwamvita, jirani yangu hapa Kipawa, mwaka 1995, siku tuliyokaa barazani kwake tukichambua mchele wa hitima. Mie nimesoma hadi darasa la nne tu, basi nakiandika kama nilivyokisikia.

Mumewe, Farhan, alikuwa dereva huko Maskati. Kila Ijumaa saa tisa alasiri alipiga simu nyumbani. Siku hiyo binti yao Nusaiba, mwenye miaka kumi na mmoja, akitoka shule alifagia uwanja, akajaza maji mtungini, akaoga, akavaa gauni safi kana kwamba baba atamwona. Kisha yeye na mama yake walikaa mkekani karibu na simu, wakangoja.

Siku nyingine zote simu haikuguswa. Mwamvita alilitia gurudumu la namba kufuli dogo, kama wafanyavyo wengi, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Lakini kufuli humzuia mtu kupiga, halimzuii kuinua. Mama akienda sokoni, Nusaiba aliinua mkono wa simu, akausikiliza ule mlio mrefu, akanong'ona, "Baba, leo tumepika kisamvu." Hakujibiwa. Hata hivyo alijisikia nafuu.

Siku moja alisikia hatua za mama mlangoni, akaurudisha mkono wa simu kwa pupa. Kidude kimoja cheupe, kile kinachozama simu ikiwekwa chini, kikavunjika. Kesho yake, alipobaki peke yake, alikibandika kwa gundi, akanyamaza.

Ijumaa ile simu haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu vilevile.

"Uarabuni huko watu husahau, shoga," jirani mmoja alimwambia Mwamvita kisimani, huku akicheka.

"Anisahau mie, mwanawe je?" Mwamvita alijibu, lakini hakucheka.

Kisha barua ikafika. Farhan aliandika: "Kila Ijumaa napiga, naambiwa simu yenu inatumika. Mnaongea na nani saa yangu? Ijumaa hii najaribu mara ya mwisho. Jumamosi natumwa kambini jangwani, na huko hakuna simu kwa miezi minne."

Mwamvita aliisoma mara mbili, akaikunja. Nusaiba alitamani kusema. Badala yake akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Ijumaa asubuhi alikuja fundi simu Adelard, mtu wa Bukoba aliyepanga mtaa wa pili. Aliinua simu, akasikiliza.

"Kimya kabisa. Nani anaichezea hii?"

"Nani aichezee, kaka? Ina kufuli!"

"Basi ni nje." Akapanda nguzo, akavuta waya, akafungua kisanduku cha ukutani, akakipuliza vumbi. Saa nane alishuka akifuta jasho. "Waya mzima, shemeji. Labda ni huko kituo cha simu. Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu ya nini tena?" Mwamvita alikaa kitako mlangoni. "Mwache aende kambini akijua mkewe ana mazungumzo na watu."

Nusaiba alimtazama mama yake, asiyeliaga mbele za watu, akijifuta macho kwa kanga.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilikivunja kidude. Nikakitia gundi."

Adelard aliinua mkono wa simu, akakibonyeza kile kidude kwa kidole. Hakikuzama. "Lo! Simu ya watu imekaa wiki tatu kama iliyoinuliwa!" Akaifungua, akakwangua gundi kwa kisu, akakaza kwa kipande cha waya. Hata hivyo hakuwa na hakika. "Kimbia dukani kwa Mzee Sadallah, upige hapa. Tusikie kama inaita."

Nusaiba alikimbia. "Shikamoo, babu, naomba kupiga nyumbani."

"Marahaba. Nyumbani si pale tu? Huwezi kuita kwa mdomo?" Mzee Sadallah alimsogezea simu hata hivyo.

Nusaiba alizungusha namba. Ikaita mara moja. Ikapokelewa.

"Halo! Baba Nusaiba?" Sauti ya mama ilikuja mbio, imejaa matumaini.

Nusaiba alishikwa na kwikwi. "Ni mie, mama. Nusaiba."

"Rudi nyumbani, mwanangu," mama alisema. "Bado nusu saa."

Saa tisa na dakika nne simu ililia. Dakika zilikuwa chache. Mwamvita alieleza haraka, akampa Nusaiba. Yeye aliyekuwa na maneno mengi alisema tu, "Shikamoo, baba. Nimeivunja mimi."

"Marahaba, mama. Haya, niambie mlichopika—" na laini ikakatika.

Jioni Mwamvita alimketisha. "Kidude ningekugombeza siku moja, yakaisha. Lakini umeniona wiki tatu ninamdhania baba yako mabaya, naye ananidhania mimi, na jibu unalo wewe. Ukiharibu kitu, sema siku ileile, kabla watu hawajaumia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimeshasamehe. Njoo ulale huku kwangu."

Walipolala, Nusaiba aliuliza, "Mama, miezi minne ni Ijumaa ngapi?"

"Hesabu mwenyewe, umesoma kunishinda," mama alijibu kwa sauti ya usingizi, na punde akaanza kukoroma.

Nusaiba alihesabu kwa vidole. Alipofika Ijumaa ya tisa, usingizi ukamchukua.