Picha Aliyoitundika Wanjohi

Jumamosi moja ya Aprili 1995, jengo la maduka la Burnsville lilikuwa limejaa watu hadi ngazini. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki hiyo hiyo, na ilionekana kila mtu kusini mwa Minneapolis ameamua kutoka nyumbani siku moja. Nkatha alikuwa amekuja kutafuta viatu vyeupe vya kazi. Alivaa sketi ndefu ya zambarau na sweta jeupe, na nywele zake alikuwa amezisuka laini, zikarudi nyuma zikafungwa kwa kitambaa.

Karibu na duka la viatu alikuta mbao zimesimamishwa, zimejaa picha, na mbele yake meza za vinyago na vyungu. Wanafunzi wa shule ya sekondari na walimu wao wa sanaa walikuwa wakionyesha kazi zao. Nkatha alisimama mbele ya chungu kimoja cha kijani kilichoegemea upande kama mlevi.

"Huyu mtoto alikuwa na haraka," alisema kwa sauti. Ukikaa Minnesota unazoea kusema lolote kwa Kiswahili bila kuogopa kusikika.

"Huyo mtoto ana miaka ishirini na tisa," sauti ilimjibu kutoka juu.

Aliinua macho. Kwenye ngazi ya mbao alisimama mwanamume mrefu mwenye nyundo mkononi, koti lake la kahawia lina madoa ya rangi kwenye viwiko.

"Woi! Ni chako?"

"Changu kabisa. Mimi ni mwalimu wao. Hapa mwanafunzi anaonyesha na mwalimu anaonyesha, ili tupate aibu pamoja."

"Pole, mwalimu. Lakini kimepinda."

"Kimepinda makusudi."

"Wote husema hivyo."

Yule mwalimu alicheka mpaka ikabidi ashike ngazi. Aliitwa Wanjohi, mtu wa Nyeri. Alikuja kusomea sanaa chuoni, akamaliza, akapata kazi ya kufundisha. Nkatha alitoka Nkubu, Meru. Alikuwa akisomea uuguzi, na wikendi akiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Brooklyn Center. Siku hiyo alirudi bila viatu. Alirudi na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya makaa mkononi mwake, na kwenye basi hakuthubutu kuvaa glavu isije ikafutika.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, kwa sababu Nkatha alikaa kaskazini, huko huko Brooklyn Center, na Wanjohi kusini, na kati yao kulikuwa na mji mzima na barabara iliyojaa magari.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula. Kuja Jumapili baada ya kanisa, Philister anapika githeri."

"Nije kwa ajili ya githeri au kwa ajili yako?"

"Njoo kwa githeri. Mimi utanikuta tu hapo kando ya sufuria."

Philister ndiye aliyekaa na Nkatha, msichana wa Kisii mwenye mdomo mwepesi na moyo mweupe. Kufikia Oktoba alikuwa amezoea kumwona Wanjohi kwenye kochi lao, amenyoosha miguu, anachora chochote kilicho mbele yake: birika, kiatu, sikio la Nkatha.

"Utamaliza karatasi za Amerika," Nkatha alimwambia.

"Nikizimaliza nitachora ukutani."

"Na deposit yetu ya nyumba utalipa wewe!"

Novemba, asubuhi ya Jumanne, simu ililia kutoka Meru. Baba yake Nkatha alikuwa ameanguka shambani, na hawakuwahi kufika naye hospitali. Nkatha alipompigia shuleni, Wanjohi aliacha darasa kwa mwalimu mwenzake, aka-drive kwa kasi hadi Brooklyn Center. Alimkuta Nkatha sakafuni jikoni, ameegemea jiko, waya wa simu umelala mapajani. Juu ya gauni la kulalia alikuwa amevaa shati la kaki la baba yake, alilotoka nalo nyumbani siku ya safari. Magoti yalikuwa wazi. Mdomo ulikuwa wazi pia, lakini hakutoa sauti.

Wanjohi aliketi sakafuni, akamshika mkono. Alikaa naye hadi kilio kilipotoka, kikatoka kwa nguvu, kikapungua. Alimpikia chai. Mtu yeyote angemwona angesema huyu ni mwanamume wa maana, na kweli alikuwa. Lakini alipokuwa amemshika mkono ule, kuna jicho moja ndani yake lililoona jinsi mwanga wa dirisha ulivyolishika shati lile, jinsi kivuli kilivyokaa chini ya shingo. Aliona, na akaweka.

Nkatha hakwenda mazishini. "Chuo kimekataa kunipa ruhusa," aliwaambia watu wa nyumbani kwa simu. Alimwambia hivyo Wanjohi pia, na watu wa kanisa. Watu wa kanisa walikuja na sufuria za chakula, wakamwombea, wakamsifu kwa ujasiri wake. Mama Bravin, kiongozi wa akina mama, alisema hajawahi kuona msichana aliyebeba msiba kwa utulivu namna ile.

Baridi ilipokaza, Wanjohi alianza kubaki shuleni baada ya masomo. Kwenye darasa tupu alichora picha ile ya jikoni kwa rangi ya mafuta. Hakuwahi kuchora hivyo maishani. Alijua ni kazi nzuri kabla hajaimaliza.

Alijua jambo jingine vilevile. Darasani alikuwa na sheria moja: ukimchora mtu, kabla hujamwonyesha kwa watu, muulize. Msichana mmoja, Abigail, mwanafunzi wake hodari, alikuwa amemchora baba yake amelala kwenye kochi mchana, wiki ile alipoachishwa kazi. Wanjohi aliizuia picha hiyo isiende maonyeshoni mpaka baba mwenyewe akubali. Abigail aliuliza, baba akakataa. Msichana alilia, akaifunga kwa gazeti, akaenda nayo nyumbani.

"Ulifanya jambo la haki," Wanjohi alimwambia.

Na yake je? Alipanga kumwambia Nkatha siku ya Alhamisi, lakini Alhamisi Nkatha alitoka kazini amechoka. Ijumaa alikuwa na mtihani. Baadaye akajiambia afadhali iwe zawadi ya kushtukiza. Ukweli ni kwamba aliogopa atamkatalia, naye alitaka sana ile picha ionekane.

Maonyesho ya mwaka 1996 yalikuwa katika jengo lile lile. Safari hii kulikuwa na viti na kipaza sauti, kwa kuwa kila mmoja, mwanafunzi na mwalimu, angesimama kando ya kazi yake na kuielezea. Nkatha alikuja na fahari zake zote. Alivaa gauni jekundu la kola nyeupe, viatu vya kisigino, na midomo akaipaka kidogo. Alimleta Philister, akamleta na Mama Bravin, aliyejifunga kilemba cha buluu kikubwa kama mto wa kitanda.

"Leo mtaona mwalimu wangu anavyoongea kizungu cha mapuani," aliwatania.

Mama Bravin ndiye aliyeiona kwanza. "Nkatha," alisema polepole, "si ni wewe huyo?"

Nkatha aligeuka. Picha ilikuwa kubwa kuliko meza, katikati ya ubao, taa imeelekezwa juu yake. Jiko lao. Waya wa simu. Magoti yake. Kikundi cha watu wazima wa Kizungu kilikuwa kimesimama mbele yake kimya, na mama mmoja alikuwa akifuta machozi.

"Na hilo shati la mwanamume ni la nani?" Mama Bravin aliuliza, sauti imepoa.

Wanjohi alikuwa anakuja, amevaa tai, uso wake una tabasamu lililoanza kufa kabla hajafika.

"Mpenzi, nilitaka—"

"Siku ile ulikuwa umenishika mkono."

"Nkatha, nisikilize."

"Nilidhani unanishika. Kumbe unanichora."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kisha akageuka na kuondoka kwa zile hatua fupi za viatu virefu, Philister akimkimbilia na koti. Mama Bravin alibaki kidogo, akamtazama Wanjohi kutoka viatuni hadi tai. "Shati ni la marehemu babake, sivyo?" aliuliza. Wanjohi aliitikia kwa kichwa. Yule mama alifumba macho kwa aibu ya alichokuwa amekifikiria, kisha naye akatoka.

Jina la Wanjohi lilitajwa kwenye kipaza sauti. Alipokuwa akipita kati ya viti, Abigail alimzuia. Uso wa msichana ulikuwa mwekundu.

"Huyo ndiye? Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Mimi yangu iko chini ya kitanda."

"Najua, Abigail."

Alisimama mbele ya watu. Alikuwa amejiandaa kusema juu ya mwanga na kivuli. "Picha hii inamwonyesha mtu katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake," alisema. "Hakujua naichora. Wanafunzi wangu nimewakataza kufanya hivi, na mmoja ameumia kwa kunitii. Samahani, Abigail. Haikupaswa kuwa hapa." Akaishusha mbele yao wote. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama sakafu.

Baada ya hapo, simu ya Brooklyn Center ilipokelewa na Philister tu.

"Anaoga."

"Tangu asubuhi?"

"Ni mchafu sana, shemeji. Jaribu kesho."

Kesho yake alikuwa amelala, na siku iliyofuata alikuwa kazini. Wanjohi aliacha kuchora. Mkono ulikuwa mzima, lakini kila aliposhika penseli alijisikia kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Hata sifa alizopata zilimuuma: watu wawili walipiga simu shuleni kutaka kuinunua ile picha.

Mwezi wa tano simu iliita kwake, Jumamosi asubuhi.

"Iko wapi?" Nkatha aliuliza, bila salamu.

"Iko hapa. Nimeifunika."

"Ilete."

Aliileta ikiwa imefungwa kwa shuka. Nkatha alimfungulia akiwa na kanga kiunoni na fulana ya chuo, macho yamevimba, na bado Wanjohi aliona ni mrembo kuliko siku ya gauni jekundu. Philister alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kufua, akatoka.

"Ni yako," Wanjohi alisema. "Ichome, itupe, sitauliza. Sikuja kujitetea. Niliogopa utasema hapana, ndiyo maana sikuuliza. Hakuna sababu nyingine."

Nkatha aliifunua. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Unajua kilichoniudhi? Nilikasirika kwa sababu ya magoti, ndiyo, na kwa sababu ya Mama Bravin. Lakini angalia huu uso. Watu waliona mtoto anayemlilia baba. Mimi nikaona ninachoficha." Alikaa kwenye kochi. "Chuo hakikunikataza, Wanjohi. Walinipa wiki mbili. Mimi ndiye niliyekataa. Viza yangu ilikuwa imekwisha, niliogopa nikifika Nairobi ubalozi watanizuia nisirudi, na nilibakisha miezi tu nimalize. Wakati nimeketi hapo sakafuni, baba yangu bado hajafika mochari, mimi tayari nilikuwa nahesabu. Nilikuwa namlilia na kupiga hesabu. Wewe ukachora yote mawili."

Wanjohi aliketi kando yake, mbali kidogo. "Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana siwezi kukuchukia vizuri. Kila nikianza, najiona. Wewe ulikuwa umenishika huku moyo uko kwenye picha. Mimi nilikuwa nalia huku moyo uko kwenye viza."

"Mama anajua?"

Alitikisa kichwa. Kisha alitoa kadi ya simu mkobani. Jumamosi jioni, saa za kule, mama yake huwa kwa shangazi Keziah, Meru mjini, ambako kuna simu. Nkatha alibonyeza namba ndefu, akakosea, akaanza upya. Alipopokelewa aliongea Kimeru haraka, kisha polepole, kisha akanyamaza, na Wanjohi, ambaye alishika neno moja moja tu, viza, chuo, baba, aliona machozi yakidondokea kwenye kanga. Upande wa pili nao ulikuwa kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu hata Wanjohi akadhani kadi imekwisha.

Nkatha aliondoa simu sikioni, ameduwaa. "Anauliza ni nani anayepumua hapa kando yangu."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ni wewe. Anasema nikupe."

Wanjohi alifuta viganja kwenye suruali kabla ya kuipokea. "Mama, habari ya jioni. Mimi naitwa Wanjohi."

"Wewe ndiye mwenye kuchora?" Sauti ilikuwa ya mbali, yenye mikwaruzo, na Kiswahili cha taratibu.

"Ndiyo, mama. Na nilimkosea mtoto wako. Nilimchora siku ya msiba bila—"

"Hayo ameniambia, mtamaliza wenyewe." Mama alikohoa. "Mimi nataka kitu kimoja. Siku ile ya msiba, simu ilipokatika, wewe ulikuwa hapo?"

"Nilifika, mama. Baada ya muda mfupi."

"Alilia?"

Wanjohi alimtazama Nkatha, na Nkatha alikuwa akimtazama yeye. "Alilia sana, mama. Nilikaa naye chini mpaka akanyamaza. Kisha nikampikia chai."

"Akainywa?"

"Nusu."

Mama alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilivuka bahari ikafika Brooklyn Center nzima nzima.

"Asante, mwanangu," alisema. "Miezi hii yote nimekuwa silali. Nilidhani alikuwa peke yake."